Mashati ya Kola Arobaini na Mbili

Siku ya kuniaga, pale chumba cha kufulia cha hospitali, mlikata keki, mkanipa saa ya ukutani, mimi ambaye nimeamshwa na saa maisha yangu yote. Nikasema asante. Ndipo Grâce akauliza swali ambalo nyote mlikuwa mmelimeza kwa miaka.

«Maman Odile, bon, sasa unaenda, utuambie. Juu ya nini unapigaka pasi kola na mukono wa kushoto, na shati ingine yote na wa kuume?»

Mkacheka. Nikasema nitajibu kwa maandishi, kwa sababu ni jibu refu na keki ilikuwa inayeyuka. Hili ndilo jibu. Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyeo sikuwa navyo, na mshahara mnaujua.

Nilifika Brussels kutoka Likasi nikiwa mwanamke mzima, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kukunja mashuka katika hoteli karibu na kituo cha treni. Shuka halina uso. Unakunja mia mbili kwa siku na hujui hata mmoja aliyelala humo. Nilikaa hapo miaka mitatu, mpaka mama mmoja wa parokia yetu ya Koekelberg aliponiambia kuna nyumba kubwa kule Woluwe-Saint-Lambert inayotafuta mtunza nguo. Aliyekuwapo alikuwa anastaafu.

Aliyekuwapo aliitwa Madame Godelieve, Mflamandi mwembamba, mwenye mikono iliyojaa alama ndogo za kuungua. Siku ile ya kwanza hakuniuliza nimetoka wapi wala nina makaratasi gani. Alinipa shati jeupe lililokunjamana, akaiwasha pasi ya mvuke, akakaa kwenye kiti na kufumba macho. Alikuwa anasikiliza. Nilipomaliza akalichukua, akalinusa, akasema, «Umeanza na kola. Walioanza na mgongo nimewarudisha kwao.»

Alinifundisha kwa miezi miwili. Kola kutoka nchani kwenda katikati, kamwe si kinyume, la sivyo kitambaa kinajikusanya pembeni kama shavu la mtu aliyekosa usingizi. Kisha mabega, kisha mapindo ya mikono, kisha mikono yenyewe juu ya kile kibao chembamba, mwili mwisho. Doa la jasho, sabuni ya nyongo ya ng'ombe, unaiacha saa nzima. Doa la wino, maziwa vuguvugu, na uvumilivu. Hizi mashine zenu za hospitali zinafanya kazi ya watu ishirini, nazipenda, lakini hazijui kunusa.

«Utajua nani analia na nani anakunywa,» aliniambia siku yake ya mwisho, akinikabidhi utepe wake wa kupimia. «Kazi yako ni kuyatoa madoa. Usiyahesabu.»

Nikayahesabu. Hapo ndipo habari inapoanza.

Mwenye nyumba alikuwa Mmarekani. Sisi tulimwita Monsieur, na jina lake la kwanza lilikuwa Warren. Alikuwa mfanyabiashara wa pampu za maji katika mji wa mtoni huko kwao. Yeye na kaka yake walianza ndani ya banda, wakamaliza na kiwanda. Kisha serikali yao ikamtuma Brussels kuiwakilisha nchi katika mikutano mikubwa, kama wanavyofanya huko na watu waliofanikiwa. Alikuwa mtu mkimya, mwenye shingo nyembamba na sauti ya chini, mtu wa kuomba radhi akikukuta kwenye ngazi. Nyumbani aliishi yeye na mkewe tu. Binti yao, Nora, alibaki Marekani.

Shingo yake niliipima mimi mwenyewe kwa utepe wa Godelieve: kola thelathini na tisa. Alitumia mkono wa kulia, nalo pindo la kulia lilikuwa linang'aa kwa kusuguliwa na meza. Jasho kidogo. Hakuna wino. Mashati ya mtu anayesoma zaidi kuliko anavyoandika.

Lakini kila Jumatatu, ndani ya kikapu kilekile, kulikuwa na mashati mengine mawili. Yalikuwa ya mistari ya buluu, ya kitambaa kizito, na ndani ya kola mtu alikuwa ameshona herufi E kwa uzi mwekundu. Kola arobaini na mbili. Jasho jingi, hasa kwapa la kushoto. Na pindo la kushoto lilikuwa limepakaa wino, kama linavyopakaa la mtu wa mkono wa kushoto, anayeandika huku mkono ukiburura juu ya maneno ambayo hayajakauka.

Nilifikiri ni mgeni. Nikangoja nimwone. Wiki sita sikumwona. Nikashuka jikoni kwa Achille, mpishi wetu, mtu wa Bukavu, mzito wa mwili, mwepesi wa mdomo.

«Tonton Achille, hii nyumba iko na wanaume wangapi?»

«Moya. Na mimi, kama unanihesabuka.»

«Basi mbona mashati ni ya watu wawili?»

Akaendelea kumenya karoti. «Odile, mimi ninapikaka sahani mbili. Asubuhi mbili, magharibi mbili. Huyu muntu wako wa shemise anakulaka wapi? Ao anakulaka sabuni?»

«Anatoka jasho, Achille. Jasho la kweli.»

«Alors, ni mufu wa ajabu. Wa kwetu habatokake jasho.» Akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akanitoa jikoni kwa kisu, kwa heshima.

Mashati mawili kwa wiki yakawa matatu. Siku moja, mchana mweupe, mvua ya Brussels ikipiga dirishani, Madame, mke wa Monsieur, akaingia chumba cha nguo. Hakuwahi kuingia humo. Alikuwa mwanamke mrefu wa nywele za kijivu, anazungumza Kifaransa cha shuleni, kila neno akiliweka mahali pake kama kikombe. Alifunga mlango.

«Odile, wiki hii ni mangapi?»

Sikujifanya sijaelewa. «Matatu, Madame.»

Akakaa kwenye kiti cha Godelieve, akanieleza. E ilikuwa ya Emmett, kaka mkubwa wa Monsieur. Emmett ndiye aliyekuwa mcheshi, aliyejua majina ya wafanyakazi wote kiwandani na ya watoto wao. Kazi hii ya Brussels ilikuwa yake. Alikuwa ameshaitwa, ameshakubali, ameshanunua masanduku. Kisha akafa ghafla akiwa amekaa mezani kwake. Baada ya mazishi wale wakubwa wakapiga simu tena. Wakamchukua aliyebaki.

«Masanduku yalikuwa yameshafungwa,» alisema Madame. «Warren alikuja nayo. Siku ya hotuba yake ya kwanza aliogopa, akavaa shati la Emmett. Nilimwacha. Lilikuwa linamlegea shingoni, nilimwonea huruma.»

Pasi ilitoa mvuke yenyewe, sote tukashtuka.

«Sasa halimlegei, Odile.»

Aliniambia kwamba siku za mashati yale mumewe anaandika kwa mkono wa kushoto, yeye ambaye hawezi hata kushika kijiko kwa mkono huo. Anacheka mezani kicheko ambacho Madame alikijua kwa miaka thelathini, kutoka upande wa pili wa meza. Watu mikutanoni wanampenda. Wanasema amebadilika, amechangamka. Na Nora anakuja kuolewa bustanini, mwezi wa sita, na hajamwona baba yake mwaka mzima.

«Mwanangu atamshika mkono mtu na kutembea naye,» alisema. «Mimi sijui atakuwa nani.»

Sasa nifike kwenye kosa langu. Sikulifanya kwa uvivu wala kwa ubaya. Nililifanya kwa sababu nimezaliwa Mubemba.

Kwetu, mtu mzima akifa hatumwachi hewani. Tunachagua mmoja wa ndugu, tunamkalisha, tunampa maji, tunamvika kitu cha marehemu, halafu watu wanakuja mmoja mmoja kumsalimia kwa jina la yule aliyekufa. Tunasema amepyana. Tangu siku hiyo marehemu ana mahali pa kukaa, anatulia, na aliye hai anaendelea na maisha yake, akiwa na jina moja zaidi. Nilimtazama Monsieur, nikaona ndugu aliyevaa nguo ya kaka yake, aliyekalia kiti cha kaka yake, na hakuna hata mmoja aliyemsalimia kwa jina. Nikaona ukoo mzima wa wasomi wameacha kazi katikati. Nikawahurumia. Hicho ndicho kilichoniponza, kuwahurumia matajiri.

Asubuhi moja nilikutana naye kwenye ngazi, mimi nina mashuka, yeye ana shati la mistari. Nikasimama pembeni, nikainamisha kichwa kama tunavyofanya kwetu.

«Bonjour, Monsieur Emmett.»

Alisimama. Mguu mmoja ulibaki hewani, juu ya ngazi. Niliona shingo yake ikijaa polepole, kama mkate unaoumuka, mpaka kola ikamshika sawasawa. Kisha akacheka, kicheko kipana ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, akaniwekea mkono wa kushoto begani.

«Bonjour, Maman Odile!»

Monsieur hakuwahi kuniita Maman. Hakuna aliyemfundisha.

Jumatatu iliyofuata mashati ya mistari yalikuwa matano kati ya matano. Ya kola thelathini na tisa yalining'inia kabatini, safi, yakinuka sabuni tu. Siku tano za kazi, na Monsieur hakutoka jasho hata tone.

Achille nilimweleza yote, nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lisilo la kawaida.

«Ngoja. Kwenu munamuitaka mufu na jina yake, ndiyo. Kisha munafanyaka nini?»

«Tunagawa nguo.»

«Zote?»

«Zote. Kila ndugu anachukua moja. Hazibaki mgongoni mwa mtu mmoja.»

«Na weye uligawa?»

Nikachezea kamba ya gunia.

«Maman wee! Umeita mugeni, umefungua mulango, na ndani kuko kiti moya tu. Ungefanya nini weye, kama si kukalia mwenye nyumba?»

Alisema kweli. Nilikuwa nimefanya nusu ya kazi, kama mtu anayepiga pasi kola na kuliacha shati. Nikaenda kwa Madame nikiwa tayari kufukuzwa. Nilikiri yote: salamu, ngazi, jina. Alinitazama kwa muda mrefu hivi kwamba niliweza kuhesabu vifungo vya blauzi yake. Vilikuwa tisa.

«Wanaume wa ukoo wanakuja harusini,» alisema mwishowe. «Binamu, wapwa, wazee wawili wa kiwandani. Kumi na mmoja. Mashati ni mangapi?»

«Kumi na mawili.»

«Nani anatakiwa kugawa?»

«Aliyeyavaa, Madame. Kwa mkono wake. Mtu mwingine akigawa ni wizi tu.»

Asubuhi ya harusi nilianza kazi kulipokucha. Bustanini walikuwa wanapanga viti, na kicheko cha Monsieur kilikuwa kinatoka dirishani juu yangu, kipana, akitania watu wa maua. Nora alikuwa amefika jana yake. Nilimwona jikoni akiwa amesimama na kikombe mkononi. Alimwuliza Achille kwa sauti ndogo, «Baba yangu anaumwa?» Achille akampa yai.

Nilikuwa nimeshayatoa mashati yote kumi na mawili kabatini. Niliyapiga pasi moja baada ya jingine, nikayapanga mezani, herufi E zikiwa juu. Pembeni, kwenye kitundiko, niliweka moja jeupe la kola thelathini na tisa. Wale wanaume kumi na mmoja Madame aliwapanga kwenye ujia, mbele ya mlango wangu. Walikuwa wanakohoa na kutazama viatu vyao. Wamarekani hawajui kungoja kitu kisicho na maelezo.

Alikuja akiwa na fulana tu, akitafuta nguo. Shingo ilikuwa nene, nyekundu. «Maman Odile! Shati langu liko wapi?»

Pasi ilikuwa mkononi, na mwenye pasi ya moto huwa na ujasiri kidogo.

«Yako hapa yote, Monsieur Emmett. Ndugu zako wamefika. Kwetu, mwenye nguo huwagawia kwa mkono wake.»

Kicheko kikakoma. Aliangalia mashati, akaangalia mlango. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mzee wa kiwandani, aliyepungukiwa kidole kimoja. Mzee yule hakujua kupyana ni nini, lakini alimjua Emmett. Akavua kofia.

Monsieur akachukua shati la kwanza kwa mkono wa kushoto, akampa.

Aliwapa mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina, kila mmoja kwa utani wake. Huyu alidaiwa samaki wa mtoni, yule alikumbushwa mkia wa mbwa alioukata akiwa mdogo. Walicheka huku machozi yakiwatoka, na kila shati lililotoka mezani, utani ulipungua. La saba alilitoa bila neno. La tisa alitumia mikono miwili. La kumi na moja alilitoa kwa mkono wa kulia.

Likabaki moja. Ujia ulikuwa mtupu. Akageuka polepole, akanitazama mimi, na macho hayakuwa ya Monsieur bado.

«Hili ni lako, Maman,» alisema, kwa upole kabisa. «Wewe ndiye uliyeniita.»

Nikalipokea. Ungefanya nini?

Hapo akaanza kutetemeka, kama mtu aliyetolewa majini. Alijishika shingo, ikawa nyembamba chini ya vidole vyake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya kuomba radhi, «Odile, samahani, nina shati?» Nikampa lile jeupe, bado lina joto la pasi. Vifungo vilimshinda, nikamfungia. Dirishani nilimwona Nora akimshika mkono, akimtazama shingoni, usoni, kisha akaegemeza kichwa begani kwake. Madame alikuwa ameketi mstari wa mbele, ameshika kitambaa ambacho hakukitumia. Jumatatu kikapu kilileta shati moja la kola thelathini na tisa. Jasho kidogo, krimu ya keki kwenye pindo la kulia. Pindo la kushoto lilikuwa safi.

Walirudi Marekani muda wake ulipokwisha, nami nikaja kwenu hospitalini, ambako nguo zimepigwa namba na hakuna anayeuliza ni za nani. Mwaka mmoja Madame aliniandikia kadi. Warren ni mzima, anasoma, analala. Ila binamu mmoja, mtu mkavu maisha yake yote, ameanza kucheka kicheko kipana. Mpwa mwingine, ambaye hukosea hata majina ya watoto wake, sasa anayajua ya wafanyakazi wote. «Kila mmoja ana kidogo,» aliandika. «Kidogo kinabebeka.»

Mimi changu kilikuja polepole. Nilikuwa nanyoosha makoti ya madaktari, wiki ya kwanza ya kazi kwenu, nikaona pasi imehamia mkono wa kushoto. Kwa kola tu. Kutoka nchani kwenda katikati, vizuri kuliko nilivyowahi. Emmett alifanya kazi ya mikono kabla ya kuwa tajiri, nadhani mkono wake ulipenda kuwa na kitu cha kufanya. Nikauacha. Miaka yote hiyo haukunisumbua.

Lakini sasa nimestaafu, na makola hakuna. Juzi nilikwenda ofisi ya wilaya kutia sahihi karatasi za pensheni. Binti wa dirishani akaniuliza, «Madame, unatumia kushoto?» Nikatazama. Kalamu ilikuwa huko, na pindo la blauzi yangu lilikuwa na wino. Kwenye mstari, pale panapotakiwa jina langu, herufi ya kwanza haikuwa O.

Nikaomba karatasi nyingine. Wana karatasi nyingi.

Basi, Grâce, umejibiwa. Na safari hii sitaacha kazi nusu. Lile shati nimeliosha kwa sabuni ya nyongo, nimelikata mwenyewe, kwa mkono wangu, vipande saba, kwa kuwa mko saba. Utavikuta kwenye kabati langu la zamani, ufunguo uko chini ya chupa ya wanga. Ni pamba nzuri sana, ya kuwekea chini ya pasi, juu ya kitambaa cheusi kisichotakiwa kung'aa. Kila mmoja achukue kimoja, na asichukue viwili. Sehemu yenye herufi nyekundu apewe aliye na kazi nyingi.

Jina msiliite. Na mkijikuta mnacheka bila sababu, chekeni, kisha mrudi kazini.